Panya Yangu na Kikombe ya Kijani

Salaam aleikum. Na nyinyi wa "habari zenu", habari zenu pia. Kiti mmenipa hapa kwa kikundi inayumba, lakini wacha, nitasimama.

Ndugu zangu, nawaambia, ini ilinifanya mgonjwa mpaka macho ikawa manjano kama siagi. Kwetu wakanichoma tumbo na chuma ya moto. Mnataka kuona alama? Wewe mzee wa mbele, angalia kando! Ugonjwa haikutoka, niliongezewa tu vidonda. Hospitali, daktari mmoja wa kuongea na pua akapima damu: "Mamaa, hii ni hepatitis B. Kidonge kila siku." Nikasema sawa.

Kidonge haikunisumbua. Nyumbani ndio moto. Mke wa kijana yangu alisikia "inaambukiza", akaninunulia kikombe ya plastiki, kijani, akaifunga uzi nyekundu. Anaongea polepole kama mtu anaiba: "Mama, hii ni yako peke yako. Na mtoto... tungoje kwanza." Mtoto! Mjukuu mchanga, ana jina ya marehemu mzee wangu, analia hapo mbele yangu, na mimi nimekaa mikono tupu kama mgeni!

Sasa, niko na mjukuu mkubwa, wa binti yangu. Amesoma, yuko Nairobi kwa maabara. Nikamuuliza kwa simu anafanya nini. "Akko," ndivyo ananiita nyanya yake, "nachunga panya." Panya! Tuliuza ndama asome, achunge panya! Ati wanachunguza hii ugonjwa yangu kwa panya, watafute dawa ya kuimaliza kabisa.

Nikafikiria: si hiyo ni kama kwetu Merti? Ukifika kwa maji hujui, unanywesha mbuzi moja kwanza. Ikisimama mpaka jioni, watu wanakunywa.

Nikashika panya kwa stoo, nikaifungia kwa debe. Kila asubuhi nabakisha chai kwa ile kikombe, naipa. Ikanona! Manyoya inang'aa kushinda nywele ya mke wa kijana. Nikampelekea debe: "Angalia! Kikombe haina kitu. Leta mtoto." Uuuwi! Akapanda kitanda na mtoto. Kijana yangu naye, sauti ya fahali: "Mama! Unaletea mtoto panya?"

Idd ikafika, mjukuu wangu, huyo msichana wa panya, akaja. Nikajua shahidi yangu amefika. Akachungulia debe, akacheka mpaka akakaa chini. "Akko, hii haiwezi kutuambia kitu. Panya ya kawaida haishiki hii ugonjwa, hata uidunge damu yako. Ndio maana tunahangaika kuwekea panya seli za ini ya binadamu, ndio ugonjwa ikubali kukaa. Na zingine zinakufa kabla hatujajua chochote."

Wallahi nilikasirika! Anavunja kesi yangu mbele ya adui! Na adui anatabasamu.

Lakini ngojeni. Huyo msichana akachukua kikombe yangu, uzi yake na chai yangu nusu, akakunywa yote. Akasema: "Hii inapita kwa damu, kwa wembe, kwa kitanda, kwa mama akizaa. Kwa kikombe haipiti. Kwa kubeba mtoto haipiti." Akamgeukia mke wa kijana: "Mtoto amechanjwa kliniki. Wewe umewahi kupimwa?"

Tabasamu ikaisha. Machozi ikaanza. Ndio nikaona, kumbe huyu si kiburi, ni woga. Hakuna mtu alikuwa amemwelezea. Na mimi, badala ya kumwambia twende kwa daktari, namzungusha na panya kwa debe!

Tulienda pamoja. Nilimshika mkono akitolewa damu. Hana ugonjwa, kijana yangu pia hana. Akachanjwa, yeye na bwana yake. Kufika nyumbani akakata uzi na meno. Pole hakusema, hana hiyo desturi. Alininyooshea mtoto tu: "Mama, shika, mkono imechoka." Nikashika. Akanikojolea mara moja, alhamdulillahi.

Asante kwa daktari wa pua. Asante kwa mchunga panya, Mungu azipe panya zake maisha marefu. Asante nyinyi wa kikundi, mlinikumbusha kidonge hata nikiwatukana. Na nyinyi mko na mgonjwa nyumbani: kabla hujamtenga, uliza, pima, chanjwa. Chuma ya moto wekeni mbali.

Ile kikombe bado iko. Juzi nimepata mke wa kijana anakunywa nayo chai. Nikamsogelea polepole, kama mtu anaiba: "Mwanangu, hiyo ni yangu peke yangu."