Daktari Nthoki na Hospitali ya Harwaf

Tunayemsindikiza leo, Daktari Nthoki Ndolo Masinde, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1971 huko Pumwani, Nairobi. Alikuwa kifungua mimba wa Mzee Ndolo Kivuva, mshonaji wa mikoba ya ngozi katika soko la Kariokor, na Mama Ndinda. Alilelewa Dandora, na tangu utotoni hakujua kutulia. Mama yake alisema mtoto huyu amekalia siafu. Siku moja alitumwa unga dukani, asirudi. Alipatikana jioni kwenye foleni ya zahanati, mgongoni amembeba mtoto wa jirani.

"Nani amekutuma huku?" mama akamuuliza.

"Hakuna. Mtoto alikuwa na joto, na mama yake hajatoka kazini."

Alisoma shule ya msingi papo hapo Dandora, sekondari Machakos, kisha akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1997. Tarehe 18 Agosti 2001 alifunga ndoa na Bwana Phares Masinde, fundi wa umeme kutoka Bungoma. Mwaka 2003 Mungu akawajalia binti, Nasike.

Mwaka 2008 aliitwa kwa miezi sita kwenda Harwaf, kijiji cha wafugaji mashariki mwa Ethiopia, ambako mama mwenye uchungu wa kuzaa alibebwa kwa ngamia siku mbili kumfikia daktari. Alikuta chumba kimoja cha bati. Miezi sita ikawa miaka kumi na mitano. Alizunguka na dereva wake, Mahad, akiomba saruji kwa wakubwa na kuwabembeleza wazee watoe kiwanja. Hata chai aliinywa amesimama. Chumba kile kikawa hospitali yenye wodi ya wazazi na chumba cha upasuaji. Huku nyumbani Masinde alimlea Nasike, ambaye shuleni alipoulizwa mama yake yuko wapi alijibu, "Mama yangu ni wa Krismasi." Nthoki aliambiwa hayo alipokuja likizo ya Desemba. Januari akaondoka tena.

Aprili 2016 Mzee Ndolo alifariki. Kipindupindu kilikuwa kimeingia Harwaf, na hapakuwa na daktari mwingine. Gari lilikuwa tayari. Nthoki alipanda, akashuka, akapanda tena, akashuka. Mwishowe akampigia simu ndugu yake, Ndeti, mfanyabiashara wa mbuzi Kiamaiko.

"Ndeti, siwezi kuwaacha hawa."

"Baba anazikwa mara moja, Nthoki."

"Najua."

Ndeti akakata simu, na kwa miaka mingi hakupokea nyingine.

Jambo hilo lilimuuma, likamzindua pia. Hospitali inayomtegemea mtu mmoja, aliwaambia wenzake, bado haijawa hospitali. Akampigania muuguzi wake, Ambaro, apate nafasi ya kusomea upasuaji, na aliporudi akasimama kando yake mpaka mikono ya Ambaro ikazoea.

Septemba 2023 alirudi Dandora akiwa amekonda sana. Vipimo vikaonyesha saratani ya kongosho. Kulala kulimshinda. Kila asubuhi alipiga simu Harwaf: damu ipo? Jenereta inawaka? Masinde akimwambia, "Mama Nasike, pumzika kidogo," yeye alijibu, "Nikimaliza hii." Ndeti alifika bila kuitwa, na supu ya kichwa cha mbuzi mkononi.

"Bado umenikasirikia?" Nthoki akamuuliza.

"Kunywa kwanza, sista. Inapoa."

Tangu siku hiyo hakukosa kuja.

Asubuhi moja ya Februari, Ambaro ndiye aliyetangulia kupiga. "Daktari, jana tumempasua mama wa mapacha. Wote watatu wazima. Hatukukuuliza."

Nthoki aliiweka simu juu ya blanketi. Siku hiyo hakumpigia mtu. Aliomba kiti kitolewe nje, akaota jua na Nasike mpaka chakula kikaiva, wala hakuuliza saa. Alifariki nyumbani tarehe 17 Februari 2024, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mumewe Phares, binti yake Nasike, mama yake Ndinda, ndugu yake Ndeti, wakwe na mashemeji wa Bungoma, na Ambaro na Mahad, ambao wamesafiri kwa barabara kuwa nasi hapa. Hospitali imebaki wazi.

Mungu ampumzishe kwa amani, maana mwenyewe hakujua kupumzika.