Gunia la Mlangoni

Albina: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

Meshack: Ni mimi, Meshack! Sema, Albina. Mambo?

Albina: Poa. Mtandao wa huku Chala taabu tupu, nimepanda juu ya kichuguu ndiyo nakusikia. Maonyesho ya chuo yamefunguliwa?

Meshack: Yamefunguliwa, na mvua yake. Mgeni rasmi kakata utepe, kala sambusa—

Albina: Picha yangu mmeitundika ukuta upi?

Meshack: Mama hajambo?

Albina: Hajambo, anafua kitenge chake. Kesho alfajiri tunapanda basi kuja Sumbawanga, anakuja kujiona. Meshack, ukuta upi?

Meshack: Iliwekwa... mlangoni.

Albina: Juu ya mlango?

Meshack: Chini.

Albina: Chini wapi? Haloo?

Meshack: Nilianza kutundika zangu. Yako nikaiacha barazani, imekunjwa. Sasa si umechora juu ya gunia la mahindi? Mzee Herman, mlinzi wa ukumbi, kaona gunia, akalitandaza watu wafutie—

Albina: Wafutie nini?

Meshack: Matope.

[mikwaruzo]

Albina: Uso wa mama yangu.

Meshack: Mzee wa watu hakujua, alidhani ni rangi imemwagikia—

Albina: Phuu! Miezi mitatu nachimba udongo mwekundu, nasaga masizi, nachemsha gundi mpaka mikono inababuka! Mama siku nne kwenye kigoda, maharage yanamwozea shambani, eti mwanangu ananichora. Halafu watu wanampangusia viatu usoni! Na mgeni rasmi?

Meshack: Naye.

Albina: Kinyaa gani hiki! Na wewe ulikuwa wapi?

Meshack: Nilikuwa namkaribisha ndani. Nilitangulia mbele...

Albina: Kwa hiyo ulipita mlangoni kabla yake.

Meshack: Albina—

Albina: Uliona?

Meshack: Niliona jicho. Lile la kushoto.

Albina: Ukaruka?

Meshack: Mkuu wa chuo alikuwa ananitazama. Viatu vyangu tope tupu. Ningesimama, msafara wote ungesimama, mgeni analowa—

Albina: Ukafuta.

Meshack: Kidogo tu.

Albina: Toba! Mzee Herman hakujua, yeye simlaumu. Wewe umekula ugali wa mama huyo, Meshack! Alikuwa anakuita mwanangu!

Meshack: Nisamehe. Nimeshaitoa, iko stoo. Naiosha sasa hivi—

Albina: Usiiguse! Rangi ya udongo ukiiosha kitabaki nini? Gunia!

Meshack: Basi mwambie mama asije. Sema maonyesho yameahirishwa, mvua—

Albina: Nimdanganye mama ili wewe usione haya? Thubutu! Itundike.

Meshack: Hivi ilivyo?

Albina: Hivyo hivyo, na nyayo zake zote. Shusha ile yako kubwa ya katikati, weka hiyo.

Meshack: Watu watauliza, Albina.

Albina: Waulize. Walipokuwa wanafuta hawakuuliza.

Meshack: Na mama je? Nitamwambia nini mimi?

Albina: Utamwamkia kwanza, kwa adabu. Halafu utamwonyesha alama ya kiatu chako ni ipi.

Meshack: Albina, tafadhali, dada yangu—

Albina: Salio linaisha. Saa nne tutakuwa hapo mla—

Meshack: Haloo? Albina? Haloo?