Dakika Saba za Mwombaji Namba 26

Ijumaa tarehe 30 Juni, saa kumi kamili alasiri, fundi wa chumba chetu cha maonyesho atakabidhi funguo na kustaafu, baada ya kuitumikia Idara ya Filamu na Habari kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Miezi minne hiyo ameisisitiza mwenyewe. Aliponichungulia nikiandika thelathini na mitatu tu, alisema hakuja kazini kwa mkato, kwa hiyo na mimi nisimwandike kwa mkato.

Mimi ni katibu wa kamati ya udahili. Ofisi yangu imepakana na chumba chake kwa miaka kumi na miwili, na wenzangu wamenitwika kazi hii kwa sababu, kwa maneno yao, nina mdomo. Sawa, ninao. Lakini humu ndani kuna jambo ambalo si la kuchekesha, nalo linanihusu mimi. Nimemwomba ruhusa niliandike. Alikubali, kwa sharti nisijikaange kupita kiasi.

Alikuja hapa kijana wa miaka ishirini na saba, ameajiriwa kubeba projekta kutoka stoo kwenda darasani na kuirudisha stoo. Basi. Hakuna aliyemwambia aifungue. Mwaka haukuisha, mkuu wa wakati ule akamkuta amekaa sakafuni, matumbo yote ya projekta yamepangwa juu ya gazeti, na yeye anapuliza vumbi kwa mdomo. Barua ya kumfukuza ilianza kuchapwa siku ile ile. Bahati yake, alipoirudishia vitu vyake ikawaka vizuri kuliko mwanzo, ingawa zilibaki skrubu mbili ambazo hadi leo hazijulikani zilitoka wapi. Badala ya kufukuzwa akapelekwa kozi ya ufundi.

Wasiotufahamu niwaeleze kidogo. Kila mwaka wanaotaka kusoma shahada ya uzamili hapa hutuma fomu, matokeo ya shahada ya kwanza, barua mbili za wadhamini, barua ya kueleza kwa nini wanataka kusoma filamu, na filamu fupi isiyozidi dakika kumi. Karatasi zinakuja kwangu, filamu zinakwenda kwake. Kazi yake kisheria ni kuziwekea kamati izione. Lakini huyu bwana hajawahi kujua kazi yake inaishia wapi. Alizisoma na barua vilevile, kisha akanyanyua simu.

Kuna binti alitutumia kwa makosa video ya harusi ya binamu yake, saa mbili nzima. Fundi akampigia, akamwambia mwanangu, harusi imependeza sana na shangazi yule mwenye kilemba cha kijani amelia kwa moyo, ila sasa wewe ulikusudia kututumia nini? Maana yake alikuwa ameitazama yote. Kuna kijana barua yake ilianza kwa kusema amependa filamu tangu utotoni. Fundi akamwambia tangu utotoni wameandika wote, hebu tuambie ya wiki iliyopita. Mwingine alituma diski yake ndani ya soksi. Diski ilikaguliwa, soksi ikafuliwa na kurudishwa kwa posta.

Jina lake la hapa kazini, Mpaka Mwisho, lina historia yake. Katika mwaka wake wa sita ilikuja filamu ambayo dakika mbili za kwanza ilikuwa giza tupu. Kamati ikasema toa hiyo, weka nyingine, halafu wakaenda kula. Fundi akabaki peke yake, akaona si vibaya akaimalizia. Dakika ya tatu picha ikaja. Alishuka ngazi mbio, akaingia kantini na kuwatoa maprofesa watatu huku midomo imejaa. Mwombaji yule leo ndiye mkuu wetu wa idara. Bado anadai lile giza lilikuwa la makusudi. Fundi anasema alisahau kufungua kifuniko cha lenzi, na ubishi huo haujapata mwamuzi.

Tangu siku ile akaweka sheria yake, haikuandikwa popote: filamu ya mwombaji ikishaanza, haisimamishwi. Profesa agune, atazame saa, akohoe, fundi anasimama pembeni ya mashine, mikono kaikunja kifuani. Kwenye daftari lake anaandika namba ya mwombaji, saa filamu ilipoanza na saa ilipokwisha. Madaftari hayo yako kumi na tisa, yamejaa, na hakuna filamu iliyokatwa. Hadi mwaka jana.

Mwaka jana, wiki ya kutazama filamu ilipokaribia, aliomba likizo. Tulishangaa, maana huyu mtu hata akiumwa jino huja. Sababu alimwambia mwenyekiti wa kamati peke yake, na mwenyekiti naye akatia kufuli mdomoni. Mashine nikaachiwa mimi.

Filamu zilikuwa arobaini na mbili. Waombaji hatuwajui kwa majina, tunawajua kwa namba. Siku ya pili alasiri chumba kilikuwa kimoto, feni imegoma, na namba 26 ikaanza: jiko la nyumbani, meza, kiti kitupu. Bomba linadondosha tone moja moja. Hakuna mtu. Mwanga wa dirishani unasogea kidogo juu ya kitambaa cha meza. Dakika ya kwanza, kiti. Dakika ya pili, kiti. Dakika ya tatu profesa mmoja akashusha pumzi ndefu, na mimi, bila kuambiwa na mtu, nikabonyeza kitufe nikaizima. Hakuna aliyelalamika. Nilijisikia hodari kabisa, mtu wa kuokoa muda. Siku ile na iliyofuata nikazima nyingine kumi. Kwenye daftari niliandika ukweli mtupu, ilianza saa tisa na dakika tano, ilizimwa saa tisa na dakika nane, maana uongo sikuwa nao, nilikuwa na haraka tu. Namba 26 haikufikisha alama.

Fundi alirudi Jumatatu. Aliniuliza kama mashine ilinisumbua, nikasema hapana. Akafungua daftari, akalisoma, akalifunga, akaenda kuitazama feni. Sikuona lolote usoni mwake.

Mwaka huu, mwezi Machi, nikaenda nyumbani kwake kutafuta picha zake za ujana kwa ajili ya makala haya. Mkewe, ambaye tunaitana wifi, alinipokea mlangoni akaniomba radhi kwamba sebule inapakwa rangi, tukae jikoni. Nikaingia. Nikakiona kiti, meza na kitambaa chake, na bomba bado linadondosha. Nilikuwa nimeingia ndani ya namba 26. Binti yao kitindamimba alikuwa amekaa pale anahariri video za sherehe za send-off za watu, kazi inayomwingizia riziki, na nilipomuuliza kama aliwahi kuomba nafasi kwetu alicheka kidogo, akasema aliomba mara moja, ikatosha.

Ningeweza kunywa chai yangu na kuondoka. Sijui ni nini kilinikalisha, labda ni kile kiti. Niliwaambia palepale, mama na binti, kwamba kamati haikuikataa filamu yake, kamati haikuiona. Niliizima mimi. Wifi aliweka birika chini polepole. Binti aligeuza kompyuta yake, akaitafuta filamu, akanionyesha dakika saba zilizobaki.

Dakika ya nne mlango unafunguliwa. Anaingia fundi wetu na mkoba wake wa kazini, anakaa kwenye kiti, mkewe anamwekea sahani. Hagusi chakula. Anaanza kumsimulia mkewe filamu aliyoiona kazini siku hiyo, ya mwombaji asiyemjua hata jina, kuhusu fundi cherehani anayeshona nguo ya mteja ambaye hatarudi kuichukua. Kijiko ndiye fundi cherehani. Kikopo cha chumvi ndiyo cherehani. Anaisimulia yote, hatua kwa hatua, sahani inapoa, na akifika mwisho anasema ana wasiwasi, kwa kuwa filamu hiyo iliwekwa jioni watu wamechoka, na kizuri chake chote kiko huko mwishoni. Ndipo anaanza kula.

Nililia, jamani. Sioni sababu ya kuficha. Nililia mpaka wifi akanipa kitambaa cha vyombo.

Mwenyewe akaingia kutoka sebuleni, rangi nyeupe hadi masikioni, akatukuta hivyo. Akajua. Alikuwa anajua tangu Jumatatu ile, kwa maana namba ya mwanawe aliijua na mwandiko wangu anaujua. Akaniambia iliniuma, Katibu, iliniuma sana. Lakini angesemaje? Karibu mwaka mzima alikaa na jambo hilo kwa kuogopa kwamba akifungua mdomo ataonekana anaipigania filamu ya mwanawe kwa cheo cha mashine yake. Halafu, kwa vile ni yeye, akaongeza kuwa dakika tatu za mwanzo kweli zinachosha, alishamwambia binti, na binti alishamjibu kwamba filamu ni yake.

Nilirudi ofisini nikalifungua daftari na kuhesabu niliowakata. Kumi na mmoja. Niliandika barua kwa kamati, nikajitaja kwa cheo changu, nikaomba wote kumi na mmoja waalikwe filamu zao zitazamwe upya pamoja na za mwaka huu. Kamati ilikubali, na kwa kuwa kwenye filamu moja kulikuwa na sura tunayoifahamu sote, mwenyekiti alileta watahini wawili kutoka chuo kingine, watu wasiomjua yeyote hapa, wazipe alama zote wao. Waalikwa walitakiwa kujibu kabla ya tarehe 31 Machi.

Kumi walijibu ndani ya wiki. Wa kumi na mmoja akasema ngoja kwanza baba astaafu, watu wasije wakasema amebebwa. Fundi hakumsukuma hata kwa kidole. Aliyemsukuma ni mama. Wifi alimwambia, na mimi nilikuwepo, kwamba baba yako ametazama filamu za watoto wa watu maisha yake yote, ya mtoto wake ndiyo ionewe aibu? Tarehe 30 binti akasaini. Nilimshauri, kwa nia njema, apunguze mwanzo kidogo. Alinitazama tu, hakupunguza hata sekunde moja. Kweli ni mtoto wa baba yake.

Mwezi Mei fundi aliomba tena likizo, na mashine ikawa yangu tena. Filamu ile ilipoanza nikaikalia mikono yangu yote miwili. Kiti, bomba, mwanga wa dirishani. Mtahini mmoja akashusha pumzi, nikaona dakika tatu hizo zina urefu wa wiki tatu. Mlango ukafunguliwa. Kijiko kilipogeuka fundi cherehani wakacheka wote wawili, na mwisho wake hakuna aliyecheka wala kutazama saa. Kwenye fomu yake mtahini mmoja aliuliza yule mzee mwigizaji amepatikana wapi, maana ana kipaji.

Barua zilitoka Jumanne tarehe 13 Juni. Kati ya wale kumi na mmoja wanne wamepata nafasi, na binti wa fundi wetu ni mmoja wao. Ile sheria yake nayo sasa imeandikwa, ni kifungu cha saba cha kanuni za udahili, na imesainiwa na mkuu wa idara kwa furaha isiyo ya kawaida kwa mtu anayesaini kanuni.

Jioni ya Jumanne hiyo simu yangu iliita. Alikuwa binti. Alisema neno moja tu, shikamoo, akampa baba yake simu. Nikasikia baba anapumua tu. Na mimi, mwenye mdomo, nikakosa la kusema. Tulikaa hivyo, watu wazima wawili tumeshika simu, mpaka wifi akatuuliza kwa mbali kama tunalipiana vocha.

Fundi wetu, wamo humu nchini watu wanaofundisha, wanaotengeneza filamu, wanaolea watoto, ambao hawajui kuwa kuna siku moja maprofesa walitaka kuzima na wewe ukakunja mikono. Kwa niaba yao, asante. Kwa niaba ya idara, asante kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Na kwa niaba yangu mimi, nilikukosea wewe na mwanao, ukanipa nafasi ya kurekebisha kosa bila kunidhalilisha mbele ya mtu. Nakushukuru kaka yangu.

Pumzika sasa. Kula chakula kikiwa bado cha moto. Binti anaanza masomo Septemba, na Mungu akujalie afya na siku nyingi, ukae ukumbini siku atakapoonyesha filamu yake ya kuhitimu, umetulia, mashine anaiendesha mtu mwingine.