Siku Ntandu Aliponiachia Bao

Bwana asifiwe, wapendwa! Mimi si msemaji, na leo sikuja na habari ya kufurahisha sana. Nimekuja na aibu yangu.

Ndugu zangu, nilipenda bao kupita kiasi. Kabla hatujahamia kijiji hiki cha ujamaa, mimi na jirani yangu Ntandu tulicheza kila tulipotoka shambani. Alinifunga mara nyingi mno. Nilirudi nyumbani nimenuna, mke wangu akinisemesha simsikii, bado nazisogeza kete kichwani. Na siku nilipomfunga yeye, loo! Hata ugali mkavu niliuona mtamu.

Tulipohamia hapa nikachaguliwa msimamizi wa shamba la kijiji. Mnakumbuka, ni mimi niliyewagawia ngwe za kulima kila asubuhi. Nani alime udongo laini, nani aende kule kwenye mawe, neno lilikuwa langu. Basi ghafla nikawa bingwa. Kila niliyekaa naye nilimfunga. Mwanzoni nikavimba kichwa. Kisha nikaanza kuona mtu anaacha kula kete zangu waziwazi, huku anacheka na kunisifu kwamba siwezekani. Kesho yake namkuta anangoja ngwe laini, nami nampa.

Ntandu peke yake hakuniachia. Alinifunga mbele za watu, nami kwa hasira nikampeleka kwenye mawe. Akanifunga tena, nikampeleka tena. Msimu mzima! Jembe lake likalika likabaki kipande, mikono ikampasuka. Sikuona haya.

Jioni moja nikamwita tucheze. Akakaa. Nikaona kabisa ana kete za kunimaliza, lakini akazipita, akacheza pembeni. Nikamtazama. Akasema taratibu, "Shinda, bwana mkubwa. Mgongo unaniuma."

Ndugu zangu, nilishinda, na siku ile nilikufa. Chakula hakikushuka. Bao nikilitazama naona mashimo tu. Nilikuwa nimewafunga watu wa kijiji kizima, na sina hata mtu mmoja wa kucheza naye. Nikaenda kule kwenye mawe peke yangu, nikalia, nikamwomba Mungu anichukue. Yeye hakuniachia kama wengine. Alinibana palepale mpaka nikasema yote, kwamba nimemtesa ndugu yangu kwa sababu ya mchezo. Nikainuka mwepesi. Usimamizi nimeurudisha kwenye kamati, na ngwe ya mawe nalima mimi.

Lakini sitawadanganya. Nilimwomba Ntandu msamaha, akaitikia. Tumecheza mara tatu tangu hapo, na zote ameniachia. Bado ananiogopa, na hilo linaniua.

Wewe unayeshinda kila siku, jiulize nani anakuachia, na kwa nini. Mkimbilie Bwana kabla hujabaki peke yako. Mimi namshukuru kwa kuwa alinishinda. Na wewe Ntandu, uliyekaa kule nyuma, leo jioni naja kwako. Nakusihi mbele ya kanisa hili, ndugu yangu, nifunge.