Unene wa Kemirembe

Benchi letu liko Chonyonyo, nje ya kibanda changu cha cherehani, na mwaka huo wa hamsini na mbili Karagwe nzima haikuwa na benchi lenye akili kulizidi. Nasema hivyo bila haya. Tulikuwa tunakaa tukitafuna kahawa, ile buni iliyochemshwa ikakaushwa, na hakuna jambo lililotushinda. Kulia kwangu alikaa Yustus, tuliyemwita Karani ingawa ofisi aliijua kwa nje tu. Kushoto alikaa Ndyamukama, yaani Gazeti. Ijumaa moja akaja Rwegasira, tuliyempa jina la Siagi kwa kujisifia ng'ombe, kifua mbele.

— Mke wangu amenona! akasema hata kabla ya kukaa. Mimba mwezi wa nane, uso umejaa, vidole vimejaa, bangili za miguuni tumezikata! Na Jumapili kanisani si mlimwona, wa kawaida tu? Maziwa ya ng'ombe wangu hayo!

— Hongera bwana, nikamwambia. Kwa hilo umetupa heshima wote.

Karani akatikisa kichwa.

— Maziwa peke yake? Wapi! Hao ni mapacha. Mwili unaweka akiba, kila mtoto na ghala lake.

— Na kichwa kinamgonga, hakiachi, akaongeza Siagi.

— Si ndiyo hivyo! Mapacha wanagombana, kelele zinapanda juu.

— Halafu anaona vimulimuli mchana.

Gazeti akaruka.

— Vimulimuli? Huyo anabeba mtemi! Siagi, ukishakuwa baba wa mtawala usije ukatusahau sisi wa benchi.

Siagi alicheka mpaka machozi. Nami nilimfurahia kweli, maana yeye na mkewe Kemirembe walikuwa wametafuta mtoto miaka mingi.

Hapo akapita Placidia, mkunga wa misheni, mwavuli mkononi.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Huo unene nimeusikia tangu kule njiani. Rwegasira, wewe ni mfugaji. Ng'ombe wako yupi alinenepa kati ya Jumapili na Ijumaa?

— Hakuna hata mmoja, akasema Siagi.

— Basi huo ni uvimbe, akasema Placidia. Uvimbe, kichwa na hivyo vimulimuli ni ugonjwa wa mimba. Ukimwacha nyumbani atashikwa na degedege, uwakose wote wawili. Aende hospitali leo hii. Nani anabeba?

Jibu la hilo tulikuwa nalo. Tukasimama wote.

Tulimtoa kwa machela, tukapita migombani, Placidia mbele. Njiani Kemirembe akauliza kwa sauti ndogo:

— Ni nani wanaonibeba? Siwaoni vizuri.

— Karani!

— Gazeti!

— Fundi wa cherehani!

— Mumeo!

Kila alipouliza tulijitaja tena kwa sauti, mpaka watu wakatoka mashambani kutupokea, nao wakitaja majina yao. Tangu nizaliwe sijajivunia watu wangu kama siku ile.

Kesho yake, hospitalini, Kemirembe alijifungua mtoto mmoja tu, wa kike. Macho yake yalipopata nafuu akaomba aletewe mtoto. Akamtazama sana, kisha akamgeukia Siagi.

— Ana masikio yako, akasema.