Kiti cha Rubani Si Shamba la Ukoo

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Mwaija mke wangu nyamaza kwanza, maana sauti yangu imekuwa ndogo na sitaki kesho mtu alete la kwake akasema ndilo nililoliusia. Sadala, kaa kichwani pangu, wewe ndiye mkubwa. Mwinjuma, kaa miguuni. Zuena, funga mlango, kuku hawa wametuzoea mno.

Mali haina maneno. Shamba na nyumba hii vitagawanywa kwa sheria ya dini, nami sina ubavu wa kugawa upya alichokwisha kugawa Mungu. Ng'ombe wetu wako kwa Tiampati, na tangu aanze kunichungia hajanificha hata ndama. Msimwendee kama mnamwendea mwizi, kaeni mnywe naye maziwa, atawaonyesha mwenyewe. Msumeno niliouazima kwa Valerian mrudishieni, asije akanisema nikiwa kaburini.

Sasa lililoninyima usingizi. Mpaka wa Kenya ulipofungwa, safari ya Mombasa ikafa, na zile kampuni mbili za ndege, ya Arusha alikokuwa Sadala na ya Tanga alikokuwa Mwinjuma, zikaunganishwa. Marubani wakagombea safari ya Unguja, hawa wanasema yetu, wale wanasema yetu, hadi ikaamuliwa kwamba aliyetangulia kuajiriwa ndiye mkubwa, na wa nyuma wapunguzwe. Wewe Sadala ulianza kwa ualimu, urubani ukauingia baada ya mdogo wako, kwa hiyo ukapunguzwa. Najua ilivyokuuma. Hata mimi iliniuma, maana siku ya kwanza nilipokuona unashuka kwenye ndege na kofia yako nililia mbele za watu.

Basi ukoo ukakaa kikao mimi nikiwa hoi kitandani, shangazi yenu Tatu akaja mbio kutoka Manundu, wakakata shauri kwamba haifai mdogo abaki kazini na mkubwa akae nyumbani, hivyo Jumatatu Mwinjuma akaache kazi, kaka yake aingie. Na mtoto huyu, kwa adabu yake, akaitikia! Adabu nimewafundisha mimi, lakini jamani, kiti cha rubani si shamba la ukoo. Mwinjuma akitoka, kiti kinamwendea Fabiani wa Vugiri, aliyepunguzwa pamoja na Sadala lakini aliajiriwa kabla yake. Ninyi mtabaki wawili hapa mnatazamana, na Fabiani anapita juu ya bati letu.

Tulipohamishiwa kijijini, viwanja viligawiwa kwa kutangulia kufika. Mimi nilichelewa kwa kung'ang'ania mihogo yangu, nikaangukia hiki cha korongoni. Rehani, kijana mbichi kabisa, alikuwa amepata cha barabarani na visiki keshang'oa. Akanijia, "Shikamoo mzee, chukua changu, mimi bado kijana." Nikamwambia marahaba, kaa kwako. Nilipungua nini? Mpaka leo ananiamkia, na posa yake niliipeleka mimi.

Sadala, ukubwa wako uko hapa. Zuena akichumbiwa, watu wanakuja kwako. Mama yenu akiugua, neno la mwisho ni lako. Kaburini mwangu unashuka wewe kwanza. Huko angani Mwinjuma katangulia, na watakapohitaji marubani tena utaitwa kwa zamu yako, nawe utaingia nyuma yake bila kununa. Ndege haijui shikamoo. Nawe Mwinjuma, Jumatatu unakwenda kurusha, huendi kuaga, na kila ukipata likizo unafikia kwa kaka yako kwanza.

Nipeni maji... kidogo tu, yatosha.

Radhi zangu mnazo, wote. Mungu awafungulie riziki, kila mmoja kwa mlango wake, na asiwatenganishe.

Lakini kikao kile bado kinasimama, na huyu mdogo wako hatalishika neno la maiti akaliacha lako. Sadala, mshike mkono. Mwambie wewe, kwa kinywa chako, aende kazini...

Paza sauti, mwanangu. Masikio yanakwenda...

Haya. Nimesikia. Nielekezeni kibla.