Semina ya Siku Tatu na Nyuzi za Gunia

Kijiwe chetu kiko Njoro, ubavuni mwa duka la vipuri lililofungwa. Kuna benchi moja refu na jingine fupi, na katikati nipo mimi Antoni na birika langu juu ya mkaa. Wateja wangu wa asubuhi ni wawili. Remigius ni mwalimu mstaafu, tunamwita Mhadhiri kwa sababu hawezi kuongea bila kunyanyua kidole. Gabriel ni dereva wa lori asiye na lori, tunamwita Redio, na hajapatikana wa kumzima. Eliakim, fundi mashine tunayemwita Spana, yeye huja jioni akitoka kazini. Kwa hiyo Jumanne ile ya Septemba, mwaka tisini na saba, alipotokea saa tatu asubuhi amevaa koti la kanisani, tulijua kuna jambo.

— Mangi, bwana mkubwa, leo kiwandani hakuna umeme? Redio akamuuliza Spana.

— Umeme upo. Mimi ndiye sipo.

Akakaa kwenye benchi fupi. Nikammiminia kahawa, akaishika tu.

— Wamenipunguza, akasema. Barua nimepewa Jumamosi.

— Wee! Kosa lako nini?

— Semina.

Mhadhiri akacheka, kisha akaona Spana hacheki, akanyamaza.

Ikabidi atueleze tangu mwanzo. Tajiri wake ni mmoja wa hawa wanunuzi binafsi waliojaa mjini tangu serikali iruhusu kila mwenye gari kununua kahawa. Alijenga kiwanda kidogo cha kukoboa, karibu na reli, na Spana alikuwa pale tangu siku ya kwanza. Mashine ilikuwa moja, na ilikuwa inasimama mara nne, mara tano kwa siku. Tajiri akachoka. Akaenda Dar, akarudi na mtaalamu wa kuwafundisha wafanyakazi ubunifu wa kutatua matatizo kwa pamoja.

— Siku tatu, alisema Spana. Mtaalamu mwenyewe kijana, miwani kaining'iniza kifuani, haivai.

— Ubunifu kwa siku tatu? Mhadhiri alinyanyua kidole. Mimi nimefundisha kujumlisha miaka thelathini, na hapa Njoro bado kuna watu hawajui.

— Mmojawapo huyu hapa, alisema Redio, akininyooshea kidole mimi.

— Hebu mwacheni aseme, nikawaambia.

Spana akasema. Siku ya kwanza waligawanywa timu. Yeye akawekwa timu ya Twiga, pamoja na mlinzi, karani na msimamizi. Mtaalamu akatandaza magazeti sakafuni, akasema sakafu ni mto, mto una mamba, na timu nzima lazima ivuke kwa kukanyaga magazeti tu.

— Nina miaka hamsini na sita, aisee. Goti bovu. Narukaruka kwenye magazeti, karani kanishika kiuno!

— Ulivuka?

— Nililiwa na mamba. Mtaalamu akapiga makofi, akasema hongera mzee, umejifunza.

Hapo tulicheka wote, hata Spana akacheka kidogo. Redio akasogea mbele, ile namna yake akiwa na habari.

— Sikilizeni. Yule si mtaalamu, yule ni mpimaji. Anapima nani ana akili na nani hana, halafu majina yanapelekwa kwa tajiri. Lile gazeti ni geresha tu. Ukilikanyaga vibaya, kwisha kazi.

— Wewe nawe, Mhadhiri akamkatiza. Mambo madogo hayo. Huu ni mpango wa wakubwa wa nje. Walianza kutuletea mitumba ya nguo, tukavaa. Wakaleta mitumba ya magari, tukapanda. Sasa wanaleta mitumba ya mawazo! Na mawazo yakiisha watatuletea matatizo yenyewe, ili hao wataalamu wasikose kazi.

— Watayaleta kwa treni, alisema Redio. Mabehewa kwa mabehewa. Unaenda stesheni na karatasi yako: naomba matatizo gunia mbili.

— Na utasainishwa!

Wakati tunacheka alifika mgeni, mtu wa makamo, viatu vina udongo mwekundu wa mlimani. Akasema shikamooni, tukaitika marahaba. Alijitambulisha kwa jina la Tito, mkulima wa Kibosho, ameshuka kutafuta dawa ya mibuni na duka halijafunguliwa. Nikampa kikombe, akakaa pembeni.

— Endelea, meku, mzee wa Twiga, Mhadhiri akamwambia Spana. Siku ya tatu ikawaje?

— Siku ya tatu tuliambiwa kila timu iandike tatizo moja la kweli. Twiga tukaandika: mashine inasimama. Mtaalamu akachora mti ukutani. Mizizi ni sababu, matawi ni hasara. Tukaanza kubishana. Karani akasema inunuliwe mashine mpya Brazili. Mlinzi akasema ihamishwe, pale ilipo palikuwa na kaburi. Mimi nikasema mkanda unaotumika si wa kwake. Mpaka saa sita mti umejaa majani, jibu hakuna.

— Na kule kwenye mashine nani alikuwa anafanya kazi?

— Wachambuaji na wabeba magunia. Wao hawakuitwa semina.

Tito akainua uso.

Spana akaeleza kwamba wachambuaji ni akina mama wanaokaa mezani na kutoa punje mbovu, moja moja, kutwa nzima. Mkubwa wao ni Avelina, mama mmoja wa Kahe. Siku ile saa nne mashine ikasimama kama kawaida yake, na mafundi wote wawili, Spana na mwenzake mdogo, wako kwenye mti wa matatizo. Avelina akaondoka mezani. Akawaambia wabeba magunia wafungue kifuniko, akawaonyesha shafti, kile chuma kinachozunguka. Ilikuwa imezongwa na nyuzi za katani, nene kama mkono wa mtoto. Wakazikata, wakazitoa. Kisha akawanyang'anya visu vyao vya kuchania magunia. Akasema kuanzia sasa hakuna kuchana gunia. Ukilichana, nyuzi zinamwagika na kahawa, zinaingia kwenye mashine. Fumua mshono, uzi unatoka mzima, unautupa. Mwenzake Eliona akakaa mlangoni na sindano, akawafundisha kufumua.

— Ikawaje? nikauliza.

— Haikusimama tena. Mpaka jioni. Kesho yake haikusimama. Wiki mbili sasa, haijasimama.

 Redio akasogeza kikombe chake.

— Na mtaalamu akasemaje?

Spana akatema mate pembeni.

— Alikwenda kupiga picha! Kawapanga akina mama mbele ya mashine, kawashikisha sindano, kamwambia tajiri haya ndiyo matunda ya semina. Tajiri kampa mkono. Halafu tajiri kakaa, kafikiri, kaona mashine haisimami, mafundi wawili wa nini? Kabakiza yule mdogo. Mimi barua.

— Wezi! Mhadhiri alisema. Huo ni wizi wa mchana. Mtu anaiba jasho la mwanamke na picha juu!

— Yule kijana hajui hata gunia lina mishono mingapi, alisema Redio. Na tajiri ndiye mjinga zaidi. Miaka mitatu kiwanda chake, hajawahi kuinama akatazama.

— Matajiri hawainami.

— Wala wataalamu. Miwani yenyewe haivai!

Basi wakawapiga hao wawili kwa maneno mpaka nikawaonea huruma. Spana alikuwa amepata nguvu sasa. Uso umechangamka, kahawa ameinywa, ameomba nyingine.

— Na niwaambieni kitu, alisema akijipiga goti. Avelina hakujifunza kwenye semina yoyote. Habari ya nyuzi kaanza kuisema tangu mwaka juzi. Mwaka juzi! Yule mtaalamu bado yuko shule.

— Unaona sasa? Mhadhiri akanyanyua kidole juu kabisa. Akili ilikuwepo pale pale mezani. Hakuna aliyeitafuta!

Tito akaweka kikombe chini taratibu.

— Samahani, mzee wangu, akamwambia Spana. Huyo mama, mwaka juzi, hiyo habari ya nyuzi alimwambia nani?

Aliuliza vizuri tu, kama mtu anayeuliza njia. Hakuwa na hila. Spana akaanza kuchezea kifungo cha koti lake. Mhadhiri akashusha kidole. Redio akageuka kutazama barabara, na barabarani hapakuwa na kitu.

Mimi nilijua. Mwaka juzi, jioni moja, Spana alikaa hapo hapo na mafuta ya mashine mikononi, akatusimulia kwamba kuna mchambuaji kamfuata amfundishe mashine, yeye fundi, kwa habari za nyuzi za gunia. Akaiga sauti yake. Akaiga na mwendo wake. Mhadhiri alicheka mpaka akashika mbavu, Redio akaomba airudie, na mimi nilicheka mpaka nikamwaga kahawa ya mteja.

— Au nimeuliza vibaya? alisema Tito.

— Hapana, alisema Spana.

 Tito akanilipa, akatuaga kwa heshima, akaenda kutafuta dawa yake.